Miti ya asili kando ya Sabaki: anzeni na mto, miche baadaye

Masika ikikaribia huku Malindi kila kikundi kinaanza kuulizia miche. Vijana, kina mama wa chama, wavuvi, waalimu na wanafunzi wao, wote wanataka kupanda, na hiyo roho ni nzuri sana, isizimwe. Shida ni kwamba watu wanaanza na miche. Mfadhili analeta miche mia tano, lori inashusha pale barabarani, watu wanachimba, picha zinapigwa, afu ikifika mwezi wa tisa ukipita hapo unakuta vijiti vikavu na mbuzi wamejilalia. Serikali ya Kenya imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, tukapewa mpaka holidei ya kupanda tarehe 13 Novemba 2023, sawa kabisa, lakini kwangu mti wa kuhesabiwa ni ule ambao masika ya pili imeukuta hai. Kwa hivo kwenye mwongozo huu miche inakuja katikati, haiji mwanzo.

Nazungumzia Sabaki manake ndo mto wetu. Unaanza huko juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unakutana na Tsavo unakuwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki mpaka unaingia baharini hapo kati ya Malindi na Mambrui. Ile rangi ya maji mnayoiona wakati wa mvua ni udongo wa mashamba ya watu wa bara, unashuka hadi baharini na unafika mpaka kwenye matumbawe ya mbuga yetu ya baharini iliyolindwa tangu 1968. Vilima vya Machakos hatuna uwezo navyo sisi. Lakini ukingo wetu, kuanzia Baricho kwenye visima vinavyotoa maji ya kunywa ya Malindi mpaka Mombasa, kushuka hadi mdomoni, huo tunauweza, na ukingo usio na mti unamong'onyoka na kuongeza udongo wetu wenyewe juu ya ule wa wenzetu.

Kwanza tembeeni mto

Kabla ya jembe, kabla ya mkutano na mfadhili, chukueni siku mtembee kipande chenu chote. Msiende vijana peke yenu. Mchukueni mzee anayekumbuka miti iliyokuwako, mchungaji anayejua ng'ombe wanashukia wapi, na mwenye shamba linalogusa maji. Hawa watatu wakikosekana mtapanda pahali pasipopandika na hakuna atakayewaambia.

Mkiwa mnatembea angalieni haya. Maji ya mafuriko yalifika wapi? Utajua kwa takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, na watu wa hapo wanakumbuka vizuri mvua za mwisho wa 2023. Mto unakata wapi? Kwenye kona, upande wa nje ndo unaoliwa na upande wa ndani unajaza mchanga, sasa mche mdogo ukiuweka juu ya ukuta unaoanguka utaenda nao mto, hapo panda nyuma hatua kadhaa na mbele yake uache matete yashike. Viboko wanatokea wapi usiku? Njia yao inaonekana waziwazi, imechimbika, na hiyo usiizibe kwa mti wala kwa ua, watapita tu na watavunja kila kitu. Mifugo inanywea wapi? Kule Tana wafugaji wana malka, njia zinazojulikana za kushuka majini, na hata huku pahali pa kunywesha lazima paachwe wazi. Ukifunga njia yote ujue umetangaza vita na wafugaji na miche yako ndo itakayopigwa.

Halafu tafuteni visiki vilivyo hai na miche iliyojiotea yenyewe. Hii watu wanaipuuza na inaniuma sana, manake kisiki cha mkwaju kilichokatwa mwaka juzi kina mizizi mikubwa tayari, kikichipua ukachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka ukaondoa mengine na ukakizungushia miiba, kitakupita mche wa kitalu kwa mbali sana, na hakitaki maji ya jerikeni. Kuna vipande vya mto ambavyo kazi yote ni hiyo, kulinda tu, hakuna hata shimo moja la kuchimba.

Mkirudi chukueni manila pepa mchore: hapa tunapanda, hapa tunaacha pajiotee, hapa hatugusi.

Ruhusa

Hii fanyeni haraka lakini fanyeni. Kikundi kisajiliwe, sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu kumi kwenda juu. Mwoneni chifu na mzee wa mtaa. Kama kuna chama cha watumia maji wa eneo lenu ingieni humo, hao ndo wanaofanya kazi na mamlaka ya rasilimali za maji, WRA. Wavuvi wana BMU yao, yaani kikundi chao cha kusimamia ufuo, msiwaruke. Kama mnagusa mikoko, hiyo ni misitu ya serikali tangu 1932 na iko chini ya shirika la misitu, KFS, huwezi kupanda wala kukata bila kuongea nao.

Kwa wenye mashamba ongeeni kwa adabu. Kanuni za maji zinataka ukanda wa kando ya mto uachwe, angalau mita 6 na kwa mto mpana inaenda mpaka mita 30, lakini mtu aliyelima mchicha na ndizi mpaka kwenye maji miaka yote ukimwendea na sheria mkononi atakufukuza na ana haki ya kukasirika, ndo chakula cha watoto wake. Muulizeni mwaka jana mto ulimla hatua ngapi za shamba. Yeye ndo anajua kuliko nyote. Mkikubaliana aandike kwa mkono wake nini kinapandwa, nani atavuna matunda, na mbuzi wa nani hawaingii, mashahidi wawepo.

Mti gani, wapi

Hapa ndo penye moyo wa kazi, someni taratibu.

Jirani kabisa na maji, pale panapolowa kila mara, mti mkubwa hauna haraka. Hapo ni matete na majani ya asili, na mkindu, ule ule wa kina mama wanaochukua ukindu wa kusuka mikeka. Mkindu unapenda miguu yake iwe kwenye unyevu na unaota kwa mashina mengi pamoja, unashika udongo vizuri mno, na kwa sababu una faida ya mkono kwa mkono kina mama wenyewe watakuwa walinzi wake bila kulipwa.

Ukipanda kidogo juu ndo penye mkuyu. Mkuyu ningeuweka kabla ya mti wowote mwingine. Mizizi yake inashika ukingo, tunda lake linaliwa na ndege, popo na nyani, na hao wakija kula wanaleta mbegu za miti mingine tumboni, kwa hiyo mikuyu michache iliyosimama sawa itakufanyia kazi ya kupanda ambayo hukuifanya. Pamoja nao weka mkwaju, mgunga na mkunazi.

Juu zaidi, pale mafuriko yanafika mara moja moja, hapo ni mvule, mbambakofi, mkoma na mvumo. Hii ni miti ya subira. Mbambakofi ndo ule wa milango ya zamani ya Kiswahili, umekatwa ukaisha pahali pengi, na ukiupanda leo unampandia mjukuu, ndo sababu usiufanye mti wa peke yake kwenye mradi, changanya na mkunazi ambao watu watakula matunda mapema ili moyo usife.

Vitu vya kutopanda ukingoni, na najua hapa tutabishana. Mwarobaini: ni dawa, ni kivuli, kila nyumba Malindi inao, lakini si mti wa hapa, ndege wanausambaza na ukishika pahali unabana miti ya asili mpaka ndani ya misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Uacheni uani. Mvinje: mzuri kwa nguzo, pandeni shambani kwa biashara, lakini majani yake yakianguka yanatanda chini na ni machache sana yanayoota hapo. Mkaratusi usitajwe kabisa karibu na maji. Na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa pwani hii miaka ya 1970, huo hata ukipewa bure kataa.

Kama mathenge umeshaingia kwenye kipande chenu, kazi ya kuung'oa ifanywe kiangazi kabla ya kupanda. Ukiukata juu ya ardhi unachipua vibaya zaidi. Chimba kuzunguka shina, kata mizizi chini ya pale inapochipulia, kama shubiri moja chini ya udongo, utoe kichwa chote. Vaeni gambuti nene na glavu, mwiba wake unatoboa ndala na jeraha linavimba. Maganda ya mbegu yakusanyeni yachomwe au yasagwe kabisa, manake ng'ombe akila mazima anaenda kupanda mathenge mapya kwa samadi yake kila anapolala. Msing'oe eneo lote kwa mpigo mkaacha ukingo uchi, ondoeni vipande vipande na pandeni papo hapo mvua ikija.

Mbegu na kitalu

Mvua yetu ya kutegemea ni masika, mwezi wa nne mpaka wa sita na hasa wa tano. Vuli huku haiaminiki. Sasa hesabu nyuma: mche uwe na urefu wa shubiri mbili hivi siku ya kupanda, kwa hivo kitalu kianze mwezi wa kumi au kumi na moja, na mbegu ziwe zimetafutwa kabla ya hapo. Miti inayokawia kama mbambakofi na mvule ianzeni mapema zaidi.

Mbegu okoteni karibu, za miti ya mto huu huu, na msiokote chini ya mti mmoja. Miti mama kumi iliyoachana mbalimbali, chukua kidogo kidogo kila mmoja, ili msitu wenu usiwe wa ndugu wa tumbo moja. Msiingie kaya kuokota mbegu bila wazee wa kaya, hayo ni mahali patakatifu na yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini mkienda kwa heshima wale wazee wanajua majina na tabia za miti kuliko kitabu chochote. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo pale Gede, nendeni mkaulize, wanafundisha.

Mkwaju: toa ute wote, osha, loweka usiku kucha, panda. Mbambakofi: mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, vua hiyo kofia, sugua kidogo ganda kwenye jiwe upande mmoja mpaka uone weupe, loweka. Mkunazi: kokwa ni gumu, ligonge taratibu lipasuke bila kuponda mbegu ya ndani. Mvule una mti dume na mti jike, mbegu ziko kwa jike tu, ndogo sana, panda zikiwa mbichi na usizifukie sana, na miche yake iweke kivulini imechanganyika na mingine manake kuna mdudu anaipenda na kuijaza vinundu kwenye machipukizi. Mkuyu haukusumbui hata kidogo, kata tawi la unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu, acha utomvu ukauke kivulini siku moja, chomeka chini nusu mita mwanzo wa mvua. Katika matawi kumi mengine yatakufa, chomeka mengi.

Mchanganyiko wa udongo: karai tatu za udongo wa juu wenye rutuba, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Paketi tupu za maziwa zinafaa, chupa za maji zilizokatwa pia, toboa chini. Kivuli cha makuti, kiwe chepesi, jua lipenye nusu. Mara kwa mara inua paketi ukate mizizi inayotaka kuingia ardhini. Na wiki tatu nne kabla ya kupanda, punguza maji na uanze kutoa makuti kidogo kidogo, mche uzoee shida angali kitaluni. Hii watu wanairuka halafu wanashangaa miche iliyokuwa kijani inakauka wiki ya kwanza.

Siku ya kupanda

Msiwahi. Mvua ya kwanza ni ya kudanganya, subirini mpaka ukichimba ukute unyevu umefika urefu wa kiganja na zaidi. Mashimo yachimbwe kabla, sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu weka upande mmoja na wa chini upande mwingine, ukirudisha wa juu ndo uende chini kwenye mizizi. Chana paketi uitoe, usipande nayo. Bonyeza kwa mguu, lakini usiuzike mche shingo. Nafasi kati ya mti na mti mita tatu au nne, na msipange mstari kama shamba la mananasi, changanyeni aina.

Kuhusu usalama, hapa sitaki mzaha. Kiboko anarudi majini alfajiri na kutoka jioni, kwa hivo kazi ianze jua likishatoka na iishe mapema alasiri. Mtu asiinamie maji peke yake kuchota, kuna mamba, tumieni ndoo na kamba kutoka pahali pa juu na mwingine asimame akiangalia. Kwenye madimbwi yaliyotulia kuna kichocho, watoto wasiingie pekupeku. Wanafunzi wapeni kazi za huku juu, kubeba miche, kuweka makumbi, kuandika daftari.

Mkiwa mdomoni, kwenye mikoko

Hii ni kazi nyingine na sheria zake. Mdomo wa Sabaki mti unaotawala ni mchu, aina moja ya mikoko. Sasa watu wameona wengine wakichomeka mkoko, aina nyingine, kwenye tope, ile mbegu ndefu kama kalamu, wakadhani kila tope linataka mkoko. Si kweli. Lile tope wazi linaloonekana maji yakipwa ndo meza ya ndege, wale wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kipindi cha kaskazi, na flamingo pia. Kama hapakuwa na mikoko zamani, msipande. Waulizeni wavuvi wazee.

Pahali palipokufa mikoko, swali la kwanza ni maji: je, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, bado inaingia na kutoka? Kama kuna tuta, barabara au mchanga umeziba, fungueni njia ya maji (kwa ruhusa) na mara nyingi mbegu zitaletwa na bahari yenyewe. Ikibidi kupanda, mchu unaoteshwa kitaluni: loweka mbegu siku moja ganda litoke, ziweke kwenye paketi za tope la hapo hapo na zipate maji ya bahari. Mkoko, kama uko pahali pake, chagua mbegu iliyokomaa, ile yenye pete ya manjano juu na inayotoka ukiigusa tu, chomeka theluthi moja ya urefu wake wima. Pandeni siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, ili mawimbi ya bamvua yasiwang'olee kabla hazijashika.

Mtasikia habari za kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti inahifadhi. Gazi kule Kwale mradi wa Mikoko Pamoja unauza tangu 2013 na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji, ni mfano wa kweli. Lakini unahitaji vipimo, mkataba na miaka mingi, msiwaahidi watu pesa kwenye mkutano wa kwanza.

Miaka miwili ya kulea

Gawanyeni miche kwa majina. Kila mtu au kila nyumba ipewe yake ya kutunza, ishirini inatosha, iandikwe kwenye daftari. Mche wa kikundi kizima hauna mwenyewe.

Zungusha miiba ya mkunazi au mgunga kila mche, mbuzi hana dini na kikundi. Weka makumbi ya nazi au makuti makuukuu kuzunguka, yasiguse shina, yanashika unyevu vizuri kuliko kitu chochote cha kununua. Palilia duara la mita moja, usifyeke majani yote ya ukingoni manake nayo yanashika udongo. Kipindi kigumu ni kaskazi, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, jua kali na upepo: hapo kila mche upate lita chache mara mbili kwa wiki, au chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kidogo sana, ichomeke kichwa chini karibu na mzizi idondoshe taratibu. Afu jioni moja moja piteni kwa wachungaji mkanywe nao chai, mjue ng'ombe wanaelekea wapi wiki hiyo.

Hesabuni baada ya miezi mitatu, baada ya sita, na mwaka ukitimia, aina moja moja. Picha ipigwe kutoka pahali pale pale, pigilia kigingi. Andikeni waliokufa na sababu: mbuzi, kiu, mafuriko, mchwa, kukatwa. Hiyo orodha ya waliokufa ni mali, manake kama mkwaju umekufa wote kipande cha chini na mkindu umesimama, mto umeshakwambia upande nini masika ijayo. Mkimpelekea mfadhili hesabu, mpelekeeni hiyo ya kweli hata kama miche mia tano imebaki mia moja na hamsini, na mwambieni safari hii mnataka pesa za maji na walinzi badala ya miche. Wengine watakubali.

Masika ya pili zibeni mapengo kwa ile aina iliyoonyesha nguvu, na msizidishe eneo mpaka la kwanza lisimame. Kufika hapo mikuyu ya kuchomeka itakuwa na matawi, na chini yake mtaanza kuona miche msiyoipanda. Ichunguzeni kabla ya kupalilia: mwarobaini na mathenge ng'oeni vikiwa vidogo, vinatoka kwa mkono, mingine yote wekeeni miiba.